Tone Moja kwa Kila Mrija

Machi 3
Mvua imeanza leo, na paa la maabara limeanza nayo. Ndoo ya kwanza iko chini ya dirisha, ya pili juu ya kabati la kemikali, ya tatu inasubiri zamu yake. Daktari wa macho ameniambia niandike kidogo kila siku ili nizoee miwani mipya, basi nimechukua daftari la stoo. Mtu wa miaka hamsini na mitatu, ambaye tumbo lake hufika kwenye meza ya kazi kabla yake, anaandika shajara kama mwanafunzi wa sekondari. Mke wangu akiiona nitataniwa mpaka Krismasi.

Machi 5
Mvua. Ndoo ya tatu imepata kazi.

Machi 6
Dada yangu amekuja kazini, amelowa hadi kwenye nywele, amekumbatia kiboksi cha barafu kama mtu aliyebeba mtoto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umenenepa."

"Hata 'hujambo' ingetosha."

Hakucheka, nikajua kuna jambo. Dada hufuga nguruwe. Ana majike sita, wote wana mimba na wote watazaa msimu huu mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa dume aliloazima kwenye chama cha wafugaji lilikaa kwake mwezi na ushei. Kila jike ana jina: Bonge, Malkia, Pazia ambaye masikio yanamfunika macho, Mpole asiye mpole hata kidogo, Bibi Harusi mweupe pe, na Shangazi, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya taya lake. Shangazi yetu halisi hajui, na tunaomba asijue.

Bonge alizaa juzi asubuhi, watoto kumi na mmoja. Jana walianza kuhara damu. Leo wamebaki wanne.

"Na hao wanne wamelala tu," dada akasema. "Wananitazama."

Ndani ya kiboksi mlikuwa na vipande vya utumbo vimefungwa vizuri kabisa, vimejaa maji mekundu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amefika penyewe. Kwa kweli nilivimba kichwa kidogo. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na minne, akanilea yeye. Si mara nyingi napata nafasi ya kumfanyia kitu.

Machi 7
Hakuna sumu.

Nieleze, maana hata mke wangu kwa miaka ishirini na mitano anadhani kazi yangu ni kuchungulia kinyesi. Bakteria wanaoharisha damu watoto wa nguruwe wapo hata kwenye tumbo la nguruwe mzima, kwa hiyo kuwaona si kitu. Kinachoua ni sumu wanayoitoa, na hiyo ndiyo naitafuta. Naandaa maji ya utumbo kwenye mrija, namimina kwenye sahani yenye vishimo vidogo tisini na sita, naongeza dawa zangu moja baada ya nyingine. Kishimo chenye sumu kinageuka njano. Kisicho nayo kinabaki na rangi ya maji. Pembeni naweka sumu tuliyonunua, ya kupimia kipimo chenyewe: hiyo isipogeuka njano, nimeharibu kazi. Leo hiyo imegeuka njano kama kiini cha yai. Vya dada vimebaki maji.

Nikampigia. Nikamwambia labda sampuli ilichelewa, sumu hii huharibika upesi.

"Nilikimbia," akasema.

"Najua dada. Next time—" Simu ilikatika hapo, na nashukuru, maana nilikuwa naanza kumhutubia kwa lugha ya semina.

Wale wanne wamekufa.

Machi 10
Tumeletewa mtaalamu mpya kutoka chuoni, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye kalamu ya risasi sikioni. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshampa jina: Kwanini. Kwa nini friji hii haina kipimajoto. Kwa nini ndoo iko juu ya kemikali. Nikamwambia, binti yangu, hapa tunafanya kazi kwanza, kuuliza ni baada ya chai. Saa ya chai akauliza kwa nini chai ni saa tano.

Machi 14
Malkia amezaa kumi. Siku ya pili kuhara, siku ya tatu wamebaki wawili. Dada hakusubiri wafe wapoe. Alikaa bandani mchana kutwa, aliyekata roho akampasua hapo hapo, akatia kwenye barafu, akapanda pikipiki kwenye mvua. Nilipopokea sampuli, utumbo bado ulikuwa na uvuguvugu katikati.

Kwanini akasimama nyuma yangu wakati naandaa mirija.

"Mzee, kwa nini unatia kimeng'enya kwenye mirija yote?"

Kimeng'enya hicho ni kama kile kinachosaga chakula tumboni. Kuna sumu ambazo zimelala mpaka kiziguse ndipo ziamke, bila hicho kipimo hakizioni. Mwongozo wa zamani unasema kila sampuli igawanywe mara mbili, nusu utie, nusu uache. Miaka tisa iliyopita mirija iliadimika, nami nikabuni njia: tone moja kwa kila mrija, basi. Nusu ya mirija, nusu ya muda. Nilipongezwa kwenye kikao. Nikamweleza Kwanini hayo yote kwa madaha ya mvumbuzi.

"Na zile ambazo hazijalala?"

"Zitakuwa macho zaidi," nikasema. Wote wawili tukacheka, mimi zaidi.

Hakuna sumu.

Machi 17
Nilikwenda kwa dada na bwana mifugo wa eneo lake, mtu mrefu mwenye buti ambazo hazijawahi kukauka. Alipasua mmoja mbele yangu. Utumbo mwembamba ulikuwa mwekundu mweusi, kama soseji ya damu.

"Mimi kwa macho yangu naona sumu," akasema. "Ninyi kwa mashine zenu hamuioni. Kingasumu ipo, ya kumchoma mtoto anapozaliwa tu. Lakini inatoka stoo ya mkoa kwa karatasi yenu. Bila karatasi siwezi."

"Kipimo kinasema hapana."

"Basi kipimo kije kijionee."

Nikaeleza kisayansi, kwa upole mkubwa, kwamba macho hudanganya. Nikatazama banda nikitafuta kosa. Nikamwambia dada huenda kuna uchafu unaingia. Malazi ya zamani. Maji. Watu wanaoingia na viatu. Pale alikuwepo jirani yake dada, mama anayemsaidia kulisha tangu watoto wa dada wakiwa wadogo. Nilitazama miguu yake. Dada akaona nikiitazama.

Machi 19
Mvua haikatiki. Daftari linanuka ukungu.

Machi 24
Pazia amezaa kumi na wawili Ijumaa. Hakuna aliyebaki.

Dada amechoma malazi yote, amepiga chokaa, ameosha sakafu kwa dawa mara tatu kwa siku. Na yule jirani, dada amemwambia asije tena. Nilimuuliza dada, jirani alisemaje.

"Alivua buti zangu alizoazima, akazipanga pale mlangoni, akaenda nyumbani peku."

Hakuna sumu. Nilirudia kipimo mara mbili. Sumu ya kununua, njano. Za dada, maji.

Machi 27
Mke wangu kaniuliza kwa nini nimeacha kula. Nimemwambia najiandaa kwa shindano la urembo. Hakucheka. Kwenye nyumba hii kichekesho changu kikikosa mteja, mambo ni mabaya.

Aprili 1
Chama cha wafugaji kimekaa. Wanatumia mfereji mmoja wa maji na dume moja, na sasa kila mtu anaogopa. Uamuzi ameuleta bwana mifugo akiwa ameshika kofia mkononi: kama chanzo hakijulikani kufikia mwisho wa Aprili, majike yote sita ya dada yachinjwe, banda lifungwe. Wanasema maabara imeshasema mara tatu kwamba si ile sumu yenye chanjo, kwa hiyo ni kitu kigeni, na kitu kigeni hakingojewi.

Maabara imeshasema. Maabara ndiyo mimi.

Aprili 3
Mpole amezaa tisa. Dada hakunipigia yeye mwenyewe, bwana mifugo ndiye aliyeleta kiboksi. Nilimuuliza hali ya dada.

"Mikono imembabuka kwa dawa. Anashika kisu kwa kitambaa."

Aprili 4
Hakuna sumu. Nilimwandikia ujumbe mfupi. Alijibu: Sawa. Dada yangu hajawahi kunijibu neno moja. Hata akinitukana huwa anajaza ukurasa.

Kwanini aliniuliza kama anaweza kujaribu kitu. Nikamwambia hapa si chuoni, vifaa vina hesabu. Nilisema kwa ukali, mbele ya msafishaji. Akachukua kalamu yake sikioni, akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi.

Aprili 8
Bibi Harusi amezaa kumi na mmoja.

Aprili 9
Wamebaki watano.

Aprili 10
Hapa nitaandika mengi, macho yakatae yasikatae.

Asubuhi nilifika nikiwa na sampuli za Bibi Harusi. Kwanini alikuwa ameshafika, amekaa mbele ya sahani ya vishimo, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Sahani ilikuwa na safu tano zenye njano. Si njano ya kubahatisha. Njano ile ile ya sumu ya kununua.

"Umechafua sahani," nikamwambia. "Umemwagia sumu ya kununua kila mahali."

"Sijachafua, Mzee."

"Hizo ni sampuli za nani?"

"Za dada yako. Bonge, Malkia, Pazia, Mpole. Nilibakiza kidogo kidogo kwenye friza kila ulipomaliza. Ile ya tano ni ya kwanza ya Bibi Harusi, iliyokuja jana jioni. Sikutia kimeng'enya."

Nikamwambia hana ruhusa. Nikamwambia kuhusu miaka yangu ishirini na minane. Sauti yangu ilikuwa inapanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo nilivyokuwa naelewa, kama mtu anayegombana na mlango huku ameshika ufunguo. Mwisho nikakaa kwenye kiti chake, yeye akasimama, nikachukua pipeti.

Nilifanya mwenyewe. Kila sampuli mirija miwili, kama mwongozo wa zamani ulivyosema. Mmoja tone, mmoja bila tone. Tukasubiri. Mvua ilikuwa inagonga ndoo zote tatu kwa sauti tatu.

Mirija yenye tone: maji. Isiyo na tone: njano, njano, njano, njano, njano.

Sumu hii haijalala. Iko macho tangu inapotoka kwa bakteria, na ni nyepesi: kimeng'enya kinaisaga kama kinavyosaga chakula. Ndiyo sababu haiui nguruwe wakubwa; tumbo lao lina kimeng'enya cha kutosha. Mtoto wa siku mbili hana kinga hiyo, kwa kuwa maziwa ya kwanza ya mama, dang'a, yanakizuia kimeng'enya ili yasisagwe yenyewe. Hivyo sumu inapona, na mtoto anakufa. Haya nilifundishwa. Niliyajibu kwenye mtihani nikiwa na nywele nyingi. Kisha miaka tisa nimekuwa nawapa maiti tumbo la mkubwa ambalo walilikosa wakiwa hai, halafu naandika kwamba sumu haikuwepo. Sumu ya kununua haikunionya kwa sababu hiyo sikuitia tone. Haikuhitaji, nilisema. Ilikuwa safi.

Kwanini hakusema "nilikuambia". Aliniletea chai. Ilikuwa saa nne.

Baada ya chai nikaandika barua ya kuombea kingasumu. Niliandika: "Sampuli ya mwisho ilikuwa katika hali nzuri, na imeonyesha sumu." Nikaisoma. Kila neno lake ni kweli, na yote kwa pamoja ni uongo, maana inasema zile nne za mwanzo zilikuwa mbaya. Nilimpa Kwanini aipige muhuri. Aliisoma, akaishika tu.

"Dada yako ataisoma hii," akasema.

Niliichana. Niliandika nyingine, ndefu, yenye neno "kosa langu" mistari miwili tu kutoka juu ili mtu asichoke kabla hajalifikia.

Aprili 12
Nimetoka kwa dada. Nilikwenda peke yangu, kwa miguu toka barabarani, matope hadi magotini. Kuanguka nilianguka mara moja tu, kwa makalio. Siku nyingine angenicheka mpaka alie.

Alikuwa anaosha ndoo. Mikono yake imebabuka hadi kwenye viwiko, ngozi inatoka kama ya kiazi kilichochemshwa. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilieleza vibaya, nikaanza na kimeng'enya. Akanikatisha.

"Subiri. Ile sumu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Kwa Bonge?"

"Tangu kwa Bonge."

"Na wewe ulikuwa unaiua kabla ya kuitafuta."

"Ndiyo dada."

"Kila mara."

"Kila mara."

Akamalizia kuosha ndoo. Akaigeuza ichuruzike. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru.

"Uliniambia nilichelewa," akasema. "Nikakimbia zaidi. Uliniambia ni uchafu. Mikono hii hapa. Ukamtazama yule mama miguu, nami nikamfukuza, mtu aliyenishikia watoto wangu wakati nazika mume. Sikukuuliza wewe swali hata moja. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa najisifu. Kila mtu wa chama nilimwambia, mdogo wangu ndiye anayepima, hakosei."

Nikasema pole. Neno hilo lilitoka dogo, likaanguka kwenye matope.

"Wa Bibi Harusi nao wameisha. Amebaki Shangazi tu," akasema. "Anazaa wiki ijayo. Hiyo dawa itafika?"

"Itafika."

"Usiniahidi. Ilete."

Aprili 15
Stoo ya mkoa wanasema barua yangu ni ya ajabu, hawajawahi kupokea ombi lenye kosa la mwombaji. Wanaijadili.

Aprili 16
Bado wanaijadili. Nimekaa kwenye benchi lao kutwa. Nimejua majina ya utani ya makarani wote.

Aprili 17
Wametoa. Nilibeba kiboksi mapajani njia nzima, nimekikumbatia. Nikakumbuka Machi 6.

Aprili 19
Shangazi amezaa mchana, watoto kumi. Bwana mifugo alichoma sindano kila mtoto kabla hajanyonya, mimi nikiwashika. Wanateleza, na wana kelele kuliko kikao cha bajeti. Dada alihesabu kwa sauti kila mmoja. Hakunitazama, ila mara moja alinisogeza mkono: "Mshike kichwa, siyo mkia, wewe."

Nimeandika "wewe" hapa kwa sababu ni neno tamu kuliko "sawa".

Aprili 22
Siku ya tatu. Kumi walizaliwa, mmoja amelaliwa na mama yake, tisa wananyonya. Hakuna damu. Chama kimesoma karatasi, kimefuta uamuzi. Majike yote yatachanjwa kabla ya uzazi mwingine. Wale hamsini na watatu wa majike matano ya mwanzo waliokufa hawapo kwenye karatasi yoyote ila hii.

Kwanini ameandika mwongozo mpya ukutani kwa kalamu ya wino: mirija miwili, daima. Chini yake nimesaini mimi. Mkuu wa maabara amenipa barua ya onyo. Nimeiweka kwenye faili lile lile lenye pongezi za miaka tisa iliyopita. Zimelala tumbo kwa tumbo.

Aprili 24
Mvua imekatika. Ndoo zimeondolewa, sakafu ina duara tatu.

Asubuhi dada ameleta ujumbe. Nilifikiri ni kuhusu Shangazi. Uliandikwa: Tisa wazima. Nimekwenda kwa yule mama, hajafungua mlango. Nitarudi kesho. Na wewe, wangapi wengine uliwaambia hakuna?

Nilikuwa nimeshalijua swali hilo. Nililizunguka wiki mbili kama paka na maji. Nikatoa rejesta za miaka tisa, nikazipanga mezani. Kwanini akavuta kiti bila kuitwa. Tulitafuta watoto wa nguruwe wa chini ya wiki moja, kuhara damu, jibu hapana. Majibu thelathini na nane. Yote kwa mwandiko wangu, mzuri, wa kuegemea kulia.

Wa kwanza ni mzee mmoja aliyeleta sampuli mara mbili. Namba bado inafanya kazi. Nikamweleza mimi ni nani. Alinikumbuka, akaniuliza kama bado nina tumbo. Nikamwambia limeongezeka. Akacheka. Halafu nikamweleza mengine.

Nilisikia kuku upande wake.

"Sisi tuliacha nguruwe," akasema. "Mke wangu ndiye aliyekuwa anawatunza. Mlipoandika hakuna ugonjwa, nikamwambia basi ni wewe, huoshi banda. Nimemwambia hivyo miaka minane."

"Mzee wangu, ni kosa langu."

"Usiniambie mimi. Usikate simu. Ngoja nimwite, umwambie mwenyewe."

Nikasikia anaweka simu mezani, anatoka nje, anaita jina lake. Kwanini akanisogezea glasi ya maji. Nyayo zikaanza kurudi, nyayo za watu wawili.